Mwaka Nilipowajibia Wengine

Simu ya Zuhura ilinikuta Lituhi, nikigeuza usipa, dagaa wa ziwani kwetu, juu ya vichanja, mikono imejaa magamba. Nilimwomba asubiri ninawe. Akasema nisinawe, nisikilize hivyo hivyo. "Dokta ametutoka," akasema. Nikauliza dokta yupi, maana siku hizi hata anayeuza dawa ya kuku sokoni anaitwa dokta. "Otilia," akasema, "wewe una madokta wangapi?" Ndipo nikakaa chini kwenye mchanga, na simu nimeishika kwa vidole viwili. Zuhura hakulia, wala mimi. Tulianza kukumbushana mambo ya ile nyumba ya Mbinga: mlango uliokuwa haufungi, maharage yaliyokuwa yakipoa mezani, na jinsi Dokta alivyokuwa akivua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni. Tulicheka sana kwa watu waliofiwa. Baadaye nilimaliza kugeuza samaki, lakini kichwa changu hakikuwepo pale ufukweni. Kilikuwa kimepanda mlima.

Mambo ya kwetu, nani alinizaa na kwa nini niliacha shule darasa la tano, nayaacha. Inatosha kusema kwamba miguu yangu haikuwahi kutulia. Kabla sijafikisha miaka thelathini nilikuwa nimepika mgahawani Songea, nimechambua kahawa ghalani, nimelima Kihagara msimu mmoja nikashindwa, na nimepandisha usipa kutoka ziwani hadi vijiji vya milimani, kikapu kichwani, nyumba kwa nyumba. Watu walisema nahama kwa sababu sina mume. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahama mahali nikishamaliza kuuliza. Nilitaka kujua kwa nini watu wa ziwani hula wamekaa hivi na wa milimani vile, kwa nini mama fulani haongei na wifi yake, mtambo wa kumenya kahawa unajuaje ganda na punje. Wenyeji wakishaanza kunikimbia kwa maswali, najua muda wa kufunga kikapu umefika.

Mwaka ninaouzungumzia ni ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kuonekana Mbinga, katikati ya miaka ya tisini. Mizani ambayo zamani ilikuwa ya ushirika peke yake sasa ilisimama kila kona, na kila mwenye mizani alikuwa na gari na maneno matamu. Mimi nilikuwa napika kwenye mgahawa karibu na stendi, na masikio yangu yalishiba kuliko tumbo. Meza hii walisema ushirika umekufa, meza ile walisema umelala tu, utaamka. Siku moja aliingia mama mmoja mnene, miwani imefungwa kamba shingoni, akaagiza kahawa. Nikamwambia hatuna. "Mji mzima unanuka kahawa," akasema, "na hakuna kikombe kimoja?" Nikamjibu kwamba kahawa ni ya kuuza, mama, chai ipo. Akatoa daftari dogo akaandika. Nikasimama na sinia langu nikauliza ameandika nini. "Nimeandika ulichosema." Kwamba chai ipo? "Vyote viwili, kwa mfuatano uleule." Nilimuuliza maswali mpaka mteja wa nyuma akasema anataka ugali, si mkutano. Yule mama akanisubiri nimalize kazi, kisha akauliza nazungumza lugha gani. Nikamhesabia: Kinyasa cha kuzaliwa, Kimatengo cha biashara, Kimpoto kidogo, na Kingoni cha kugombana. Kesho yake sikurudi mgahawani.

Huyo ndiye Dokta. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, amekuja na wanafunzi wake wawili wa shahada ya uzamivu ili wajifunze mbinu za utafiti wa jamii mahali penyewe, si darasani. Alinichukua niwe mkalimani. Walikuwa wamepanga nyumba nyuma ya ghala la kahawa, vyumba vitatu na sebule, na sebuleni kulikuwa na meza ndefu iliyoazimwa parokiani, nzito kama kaburi. Dokta alilala kwenye chumba chenye mlango usiofunga. Yusto, mwanafunzi wa kiume, mrefu, mtu wa Bukoba, alilala stoo kati ya magunia matupu na asubuhi akatoka ananukia kama yeye ndiye aliyevunwa. Mimi na Zuhura tulilala chumba kimoja. Zuhura alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikawa naona haya kufungua kinywa. Alikuwa amemwacha binti wa miaka minne kwa mama yake, na chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja. Asiporudi kabla ya Krismasi na kazi iliyokamilika, jina lake linakatwa na nafasi anapewa mwingine. Hilo nililijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kila Jumamosi alikwenda posta kupiga simu Tanga, na kila akirudi alihesabu majuma yaliyobaki kwa vidole.

Kilichonishangaza kwanza ni kwamba watu wazima wenye shahada mbili walikuwa wanafundishwa kuuliza. Mimi nilidhani kuuliza ni kama kupumua. Nilimwambia hivyo Yusto, akasema, "Kupumua nako kunafundishwa, dada, waulize wazamiaji." Somo lenyewe lilikuwa mezani. Saa kumi alasiri kila mtu anakuwa amerudi kutoka vijijini, na kila mmoja anasoma daftari lake kwa sauti, lote, neno kwa neno, Dokta akisikiliza amefumba macho. Hakuna anayekula kabla ya kusoma kumalizika. Mama wa jirani aliyetupikia alishajua. Analeta ugali na maharage, anavifunika, anaondoka zake akitikisa kichwa. Harufu ya vitunguu ilikuwa inatambaa juu ya meza, na sauti ya Yusto ilikuwa inazidi kwenda mbio kadiri njaa inavyozidi. Dokta alikuwa anamngoja mwisho wa ukurasa.

"Yusto. Umesoma kwamba mkulima alionekana kuridhika na mnunuzi mpya. Kuridhika kunaonekanaje?"

"Alikuwa anatabasamu, Dokta."

"Basi andika alitabasamu. Mimi hutabasamu nikiumwa jino."

Zuhura akainamisha kichwa kuficha kicheko. Yusto akamgeukia. "Cheka tu. Nyie wa Tanga mtu akiwauliza njia, mpaka mmalize kumkaribisha giza limeingia." Naye Zuhura, bila kuinua macho: "Na nyie mtu akiwauliza jina mnaanza na shahada." Dokta akagonga meza kwa penseli, kusoma kukaendelea. Niliipenda meza ile kuliko mahali popote nilipowahi kukaa. Nilikuwa nimekutana na watu ambao, badala ya kunikimbia kwa maswali yangu, waliyaandika. Dokta alikuwa na vinasa sauti viwili kwenye sanduku, lakini alivifungia. Alisema mkono ujifunze kwanza kufuata kinywa cha mtu, mashine itakuja baadaye.

Utafiti wa Zuhura ulihusu nani anaamua nini nyumbani, hasa kwa wanawake wajane, sasa ambapo kila mnunuzi anaingia uani moja kwa moja. Tulipanda milima kila siku. Zuhura hakuwa mtu wa milima. Alipanda kwa viatu vya mjini, akisimama kila kona kujifanya anatazama mashamba. Na mashamba ya kutazama yalikuwepo: ngolo za Wamatengo, mashimo yaliyopangwa safu kwa safu mteremko mzima, mvua inanywea humo na udongo haushuki. Nilimweleza kwamba wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mraba, wanawake huchimba na kuzifukia. "Kwa hiyo nani mwenye shamba?" akauliza. Nikamwambia hilo ndilo swali lako, usiniulize mimi. Natamani ningeushika ushauri wangu mwenyewe.

Maana hapa ndipo nilipokosea, na ili kosa lieleweke lazima niseme jinsi tunavyokaa na bibi kule milimani. Unamwamkia, unakaa chini zaidi yake, unauliza maumivu, mashamba, njia. Usichokijua unauliza kwa kuzunguka. Unachokijua huulizi kabisa, kwa sababu kumuuliza mzee jambo ambalo wote mnajua unalijua ni kumdhihaki, kama vile unampima akili. Na watoto waliokufa hawahesabiwi kwa sauti mbele ya mgeni. Mgeni asiyejua akiuliza, mdogo aliyepo ndiye anayelipokea lile swali, kama unavyompokea mzee mzigo akiwa anapanda mlima. Hiyo ni adabu, na mimi nilikuwa na adabu nyingi. Nilikuwa nimezunguka vijiji vile na kikapu changu miaka sita, nawajua wanawake wote, wana wangapi, wamezika wangapi, wanaelewana na nani.

Zuhura anasema, "Muulize amezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi." Namgeukia bibi na kumwambia kwa Kimatengo kwamba mgeni anauliza habari za watoto. Bibi anasema, si unawajua. Nasema nawajua. Namgeukia Zuhura: saba, wanne wako hai. Zuhura anaandika. "Nani aliamua kahawa apewe mnunuzi yule na si ushirika?" Naye bibi ananiuliza kama usipa wa mwaka huu ni mnene, namjibu, tunazungumza njia ya Kihagara, magoti yake, mvua. Kisha namwambia Zuhura: anasema wanakaa, wanashauriana na wanawe, wanakubaliana. Mara moja Zuhura aliuliza kwa nini bibi amezungumza muda mrefu hivyo na mimi nimetoa maneno matatu. "Ndicho Kimatengo chenyewe," nikamwambia, na akakubali, maskini, akaandika. Sikuona kama nadanganya. Niliona nawasaidia wote wawili, mmoja nimempokea swali, mwingine nimempa jibu, na jibu lenyewe nilikuwa na hakika nalo.

Tulikwenda hivyo kwa wanawake thelathini na mmoja. Alhamisi moja mwezi wa Oktoba, Zuhura alikuwa anasoma, na Dokta akafumbua macho. Akamwambia arudie jibu la swali la tisa. Kisha akamwambia achukue daftari la wiki iliyopita asome jibu la tisa. Kisha la wiki ya kwanza. Wanakaa, wanashauriana, wanakubaliana. Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa Zuhura mara tatu mfululizo.

"Mimi nimekaa na wanawake wa vijijini miaka ishirini," Dokta akasema. "Sijawahi kusikia thelathini wakikubaliana hata juu ya chumvi. Umejazia wapi madaftari haya, Zuhura? Kwenye baraza la nani?"

Zuhura hakuelewa. Nilimwona anavyoelewa taratibu, uso unabadilika. Yusto aliweka penseli chini. Nilikuwa nimekaa nao muda wa kutosha kujua kwamba katika kazi yao, kukaa mahali na kutunga majibu ni wizi, na hakuna anayesamehewa.

"Nimekwenda kila nyumba, Dokta," Zuhura akasema. "Muulize dada Otilia."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Tulikwenda." Ilikuwa kweli, nami sikuongeza neno. Dokta alivua miwani akaifuta kwa kanga. Akasema Jumatatu kuna basi la Songea, na kwamba barua ya chuo ataiandika yeye mwenyewe ili isiwe kali kupita kiasi. Hakuna aliyefunua chakula. Yusto alitoka nje akasimama akitazama ukuta wa ghala.

Chumbani Zuhura alikuwa anakunja kanga zake, moja moja, kwa utaratibu wa kutisha. "Mwanangu atadhani nimerudi mapema kwa sababu nimemkumbuka," akasema. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama kuna kitu alifanya vibaya, kama kuna namna alivyokaa kwenye nyumba za watu iliyowafanya wamfiche mambo. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilijua kuna lori la chumvi linashuka ziwani alfajiri, na dereva ananifahamu. Sitaficha: nilipapasa chini ya kitanda nikagusa kikapu changu. Nilikuwa hodari wa kuhama. Lakini nilikuwa nikimtazama mtu anayejiuliza kosa lake ni lipi, na jibu nilikuwa nalo mimi, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi jibu nililokuwa nalo lilikuwa la kweli.

Dokta alikuwa barazani, anapukuchua mahindi ya jirani bila kuombwa. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Umeshaniamkia leo."

"Yale maneno ni ya kwangu."

"Maneno yapi?"

"Wanakaa, wanashauriana, wanakubaliana. Akina bibi hawakuyasema. Nimeyasema mimi."

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama madaftari yote yako hivyo. Nikasema si yote. Akauliza basi ni yapi. Nikasema sijui, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa nilichofanya, kwa sababu kweli sikujua. Vya kwao na vya kwangu nilikuwa nimevichanganya kama mchele wa magunia mawili. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za kumpokea mzee swali. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari. Nilidhani anaandika mashtaka. Kumbe aliandika habari ya kupokea swali, akanirudisha nyuma mara mbili palipokuwa hapaeleweki, na akauliza kama wanaume nao hufanyiwa hivyo. Kisha akawaita Yusto na Zuhura, akaniambia nirudie mbele yao.

Zuhura alinigeukia. "Thelathini na moja," akasema. "Nimepanda milima ile mara thelathini na moja na viatu hivi, kumbe nilikuwa namhoji mtu ninayelala naye chumba kimoja." Yusto ndiye aliyeanza kucheka, akajaribu kujizuia, ikawa vibaya zaidi. Zuhura akamrushia gunzi la hindi. Halafu akakaa kwenye ngazi akalia, na nilimwacha alie, maana sikuwa na haki ya kumshika bega. Aliomba aokoe angalau nusu ya madaftari. "Otilia hajui ni nusu ipi," Dokta akasema. Basi la Jumatatu halikutajwa tena. Lakini mvua zilikuwa majuma matano mbele, na zikianza njia za milimani zinakuwa tope; na kazi ilikuwa imerudi sifuri. "Kesho tunakwenda wote kwa yule wa kwanza," Dokta akasema. "Nataka kuona."

Yule wa kwanza nitamwita Bibi Yustina. Si jina lake, kijiji chake sikitaji, na nimengoja kuandika haya mpaka wote ambao yangewaumiza wametangulia mbele ya haki. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo, chumba cha mbele, na mjukuu wake wa kike ameketi mlangoni. Ukuta ulikuwa na masizi na kalenda ya misheni iliyopitwa na wakati. Tuliamkia, tukakaa. Dokta akauliza swali la kwanza kwa Kiswahili, nami nikalirudia kwa Kimatengo kama lilivyo, bila kulizungusha: bibi, umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Leo umekuwaje?" akaniuliza. "Unaniuliza unachokijua, mbele ya watu?"

Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia nimekuwa nikimjibia, na wageni wameandika maneno yangu wakidhani ni yake, na dada huyu anakaribia kufukuzwa shule kwa sababu hiyo. Wanataka kinywa chake, si changu. Bibi akawatazama mmoja mmoja. Yusto alikuwa amekunja miguu yake mirefu kama panzi. Mkono wa Dokta ulimgusa Zuhura kwenye paja alipotaka kufungua mdomo. Tulikaa hivyo, bibi amerudia ungo wake, maharage yakianguka moja moja. Mimi ningekuwa nimeshasema mambo matano. Ndipo bibi akamtuma mjukuu maji, na alipokwisha kutoka akaanza.

Aliwataja watoto wake kwa majina, wote. Hawakuwa saba kama nilivyomjibia. Walikuwa wanane, mmoja nilikuwa simjui, aliishi siku mbili. Kisha akasema, "Hiyo habari ya kushauriana ni ya kwako, mwanangu. Hapa hakuna anayeshauriana." Mume wake alipofariki, wana wawili walitaka kugawana shamba la kahawa siku ya arobaini, na mmoja wao alikuwa ameshampata mtu wa kulinunua. Naye aliwaita akawaambia kwamba baba yao, kabla ya kufa, aliacha neno: shamba lisigawanywe mpaka mama yenu anifuate nilikokwenda. Wakanyamaza, maana nani atabishana na marehemu. Tangu hapo kila kinapotokea kitu, kahawa iuzwe wapi, mteremko upi uchimbwe ngolo mwaka huu, bibi husema mzee aliwahi kusema hivi, mzee asingependa vile.

"Na mzee alisema?" Dokta akauliza. Nikatafsiri.

"Hakusema lolote. Alikula mchana, akajinyoosha kitandani, hakuamka." Akachukua punje mbovu akaitupa. "Ninayeamua ni mimi. Marehemu anasema ninavyotaka."

Nilitafsiri neno kwa neno. Zuhura aliandika bila kuinua kichwa. Miaka sita nilikuwa nakula kwenye nyumba ile, nimemaliza kuijua, nimeiweka kando. Bibi akauliza kama Zuhura ameandika yote. Yote. Na jina? Dokta akamwonyesha juu ya ukurasa: hakukuwa na jina, kulikuwa na namba moja tu. Bibi akaitazama ile namba, akaigusa kwa kidole chenye vumbi la maharage. "Basi mimi ni moja," akasema, na nadhani ilimpendeza. Kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Wewe unapita hapa na samaki wako, unakula na wanangu. Utakuwa unakula na hili tumboni."

Tulianza upya siku ileile, nyumba ya pili. Dokta hakunifukuza. Aliniambia tangu siku hiyo na mimi nitakuwa na daftari, nitaandika bibi alichosema kwa lugha yake, na saa kumi nitasoma mezani kama wengine, nami nisile mpaka nimalize. Mwandiko wangu wa darasa la tano ulimtia Yusto kicheko mpaka siku niliposoma maneno ya mjane mmoja wa makamo, na hakuna aliyecheka. Yusto aliacha Jumapili zake akawa anatusindikiza vijiji vya mbali, akibeba chupa ya chai na kulalamika njia nzima kwamba kwao milima ina heshima. Wanawake wengine walinikatalia mwanzoni; walisema wamezoea niwajibie na hawaoni ubaya wake. Wengine walipoanza walishindwa kunyamaza. Hakuna wawili waliosema jambo moja. Tulifikisha ishirini na sita kabla mvua haijakata njia, watano wakabaki ng'ambo ya tope, na Zuhura akapanda basi na ishirini na sita wake wamefungwa kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Walitosha. Kitabu chake alinitumia baada ya miaka miwili, kwa Kiingereza, na nilikisoma kwa kamusi miezi minne. Kuna kurasa tatu ndani yake zinazoeleza kosa la mkalimani. Jina hakuweka. Nilijitambua tu, kama mtu anavyojiona nyuma ya picha ya harusi ya wengine.

Nilihama tena baada ya hapo, mara nyingi, lakini sikuhama kwa kuishiwa na maswali. Dokta alinipa kazi kila alipoleta wanafunzi upande wetu, na kila kundi jipya alilisimamisha mbele yangu akaniambia niwaeleze nilivyowajibia wanawake thelathini na mmoja. Nilieleza, wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Yeye alikuwa ameketi pembeni, viatu amevua.

Bibi Yustina alifariki miaka kadhaa baada ya mwaka ule, na wanawe wakagawana shamba baada ya mazishi, kwa amani, kila mmoja akisema ndivyo baba alivyoagiza. Siku moja mwana mkubwa alinikuta soko la Mbinga na usipa wangu. Alichagua samaki muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Dada Otilia, siku ile mlipokuja na wale wasomi, mama alimtoa mtoto nje. Alisema nini?"

Nikamwambia aliyoyasema ni ya kwake.

"Lakini unayajua."

"Nayajua."

Alisubiri. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, na mtu mwenyewe alikuwa mwana wa marehemu, na mimi ni mtu niliyelelewa kumpokea mtu mzigo. Nikanyamaza. Akaendelea kugeuza usipa kwa kidole.

"Mimi nilikuwa na baba siku aliyofariki," akasema. "Tangu asubuhi. Nilikula naye, nikamtandikia kitanda. Hakuacha neno lolote." Akanyoosha mkono nimpe mfuko wake. "Mama hakuwahi kujua kwamba najua."